Tumbo Likinyamaza, Usidhani Limepoa



Wengi huona haya tumbo likinguruma katikati ya sala ya alasiri mwezi wa Ramadhani. Si aibu. Utumbo una misuli inayojikunja na kujikunjua kusukuma chakula, maji na hewa, na hiyo ndiyo sauti yake. Hata ukiwa umefunga, kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi misuli hiyo hufagia mabaki.

Ndiyo maana daktari hufunzwa kusikiliza tumbo kwanza, kisha alibonyeze, kwani kubonyeza kwaweza kubadilisha sauti. Chombo chake, stetoskopu, kilibuniwa na Laennec mjini Paris mwaka 1816. Tumbo zima hutoa sauti kama 5 hadi 30 kwa dakika. Sauti nyembamba kama kengele, pamoja na kutapika na kukosa choo, humtia shaka kwamba utumbo umeziba. Likiwa kimya kabisa kwa dakika kadhaa, huenda utumbo umepooza au umetoboka.

Nayaandika haya nikiwa Kisumu, ambako jambo hili si la vitabuni. Mitaa kama Manyatta ina visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo, na maji machafu ndiyo njia ya homa ya matumbo, yaani taifodi. Isipotibiwa, aghalabu wiki ya tatu, yaweza kutoboa utumbo. Hapo tumbo hukakamaa kama ubao na kunyamaza.

Hatari yetu watu wa pwani ni kusema, "Hilo chango tu, mpe sanamaki." Kumharisha mtu ambaye utumbo wake umeziba au umetoboka ni kumwongezea balaa.

Kweli, sauti peke yake haitoshi. Daktari atataka picha na vipimo vya damu. Lakini nyumbani huhitaji chombo: maumivu makali, tumbo limevimba au gumu, hapana choo wala upepo, basi ni hospitali saa hiyo hiyo. Huku ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia". Kwetu Mombasa ni Makadara.

Na muuguzi akimuuliza mgonjwa aliyepasuliwa kama ametoa upepo, msicheke. Jibu la "ndiyo" ni la kusema alhamdulillahi.