Mabira hadi Namboole: Njia ya panya haifiki uwanjani

KWA shabiki wa Mabira, wilayani Kyerwa, uwanja mkubwa wa karibu haupo Dar es Salaam. Upo ng'ambo ya Mto Kagera.

Piga hesabu mwenyewe. Ukishavuka daraja la Murongo na kuingia Kikagati, Mbarara ipo kilomita 74, lami tupu. Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270. Jumla haizidi 350. Safari ya kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa ni zaidi ya kilomita 1,300, unakula mchana na usiku ndani ya basi, unashuka miguu imevimba kabla hata mpira haujaanza.

Hesabu hiyo ilikuwa haina maana sana zamani. Sasa inayo. Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa AFCON 2027, na Uwanja wa Mandela, Namboole, ni kati ya viwanja ambavyo Uganda inavitegemea. Kwa mtu wa Kagera ni habari njema mara mbili, maana huku kwetu mpira mkubwa umekuwa adimu. Kagera Sugar ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, na Kaitaba pale Bukoba ikapoteza zile siku ambazo Simba na Yanga walikuwa wanakuja na mji unasimama.

Lakini kuna tatizo moja, na tuliseme wazi. Watu wa mpakani tumezoea kuvuka. Mtu ana shamba huku na shangazi kule. Anakwenda msibani, anakwenda sokoni, anarudi jioni, na hajawahi kugongewa muhuri hata mmoja. Akisikia mechi ipo Kampala, anadhani ni safari ileile iliyorefushwa kidogo.

Sio ileile. Njia ya panya inakufikisha Kikagati. Haikufikishi Namboole. Kati ya mto na uwanja kuna vizuizi vya polisi barabarani, kuna nyumba ya wageni inayotaka kitambulisho, na kuna geti la uwanja wenye ulinzi wa mashindano ya CAF. Ukikamatwa huna karatasi, mechi utaisikilizia redioni, tena redio ya askari. Na ukipata ajali au ukiugua, utakuwa mtu asiyejulikana aliingiaje nchini.

Kwa hiyo, wana, kama kweli mnataka kwenda, safari inaanza miezi kadhaa kabla ya filimbi. Hivi ndivyo inavyokwenda.

Karatasi kwanza, jezi baadaye

Raia wa Tanzania haitaji kulipia viza kuingia Uganda, lakini haina maana unaingia mikono mitupu. Unahitaji pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari inayotolewa na Uhamiaji. Pasipoti ni Sh150,000. Hati ya dharura ni nafuu zaidi na kwa safari ya hapa jirani inatosha, ila angalia tarehe yake ya mwisho kabla hujaondoka.

Maombi ya pasipoti yanaanzia mtandaoni, na utaulizwa namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, pamoja na nyaraka za mzazi. Hapo ndipo wengi wa huku wanapokwama. Mkoa wa mpakani uhakiki wa uraia unafanywa kwa makini, na mwenye cheti chenye jina moja na NIDA yenye jina jingine atazungushwa. Mambo hayo hayatatuliwi wiki ya mechi. Anayesubiri ratiba itoke ndipo aanze kutafuta cheti cha baba yake, huyo tumwandalie kiti kwenye kibanda cha video.

Kadi ya njano

Hii siyo ile ya refa. Ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanakitaka unapoingia, na Tanzania nayo inakitaka kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, Uganda ikiwemo. Maana yake unaweza kuulizwa kwenda na kurudi.

Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Chanja Jumatatu, usitegemee kuvuka Ijumaa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali chanjo moja idumu maisha yote, hivyo aliyechanja zamani atafute kadi yake, isiwe imeliwa na mchwa. Usinunue kadi kwa mtu wa mtaani. Nenda kituo kilichoruhusiwa, ukielekezwa na hospitali ya wilaya.

Na mpakani ukiambiwa simama upimwe joto, simama. Kagera tumepitia Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na Uganda wamepambana na Ebola. Hakuna anayekuonea.

Murongo au Mutukula?

Kwa mtu wa Mabira, Murongo ndiyo njia fupi. Unapanda hiace au bodaboda hadi mpakani, unagonga muhuri wa kutoka upande wetu, unavuka daraja, unagonga wa kuingia upande wa Kikagati, kisha unatafuta gari la Mbarara. Fika mapema. Usipange kufika mpakani giza linaingia ukitegemea kwamba ofisi zitakusubiri, na ulizia saa zao siku moja kabla.

Mutukula ni mzunguko kwa mtu wa Kyerwa, maana unateremka hadi Kyaka kwanza. Lakini ina faida zake. Tangu Novemba 2017 kuna kituo cha pamoja, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja na unahudumiwa sehemu moja. Barabara inakwenda moja kwa moja Masaka, na mabasi ya Bukoba–Kampala yanapita hapo. Wanaotoka Karagwe mjini au wanaosafiri kundi kubwa waifikirie.

Mkikodi gari lenu wenyewe, dereva awe na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA pamoja na kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda. Bima ya nyumbani peke yake haitoshi.

Noti kubwa, thamani ndogo

Uganda wana noti ya 50,000. Ukiishika unajiona tajiri. Taratibu! Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, kwa hiyo 10,000 ya kule siyo 10,000 ya Mabira. Badilisha pesa mchana, mahali penye duka na bango, na hesabu mbele ya anayekupa. Wale vijana wanaokufuata na bunda mkononi wana ujuzi wa kukunja noti ambao wewe huna.

Gawa pesa sehemu tatu: ya safari mfukoni, ya kulala mahali pengine, na nauli ya kurudi usiiguse hata Stars wakishinda.

Ukisema Mabira, utapelekwa msituni

Hili ni la watu wa Mabira peke yao. Uganda nako kuna Mabira. Ni msitu mkubwa, upo barabara ya Kampala kwenda Jinja, karibu na Lugazi. Namboole nayo ipo barabara hiyohiyo ya Jinja, eneo la Bweyogerere. Sasa fikiria upo stendi, umechoka, mpiga debe anakuuliza, wewe unajibu "Mabira" ukidhani anauliza unatoka wapi. Utajikuta unapita uwanja kwa kasi, unaelekea kwenye nyani. Sema "Namboole" au "Bweyogerere", basi.

Neno jingine la kuchunga ni taksi. Kampala, taksi ndiyo hiace ya abiria wengi, daladala ya kwetu. Gari la kukodi peke yako wanaliita "special". Ukitaja vibaya, utalipa vibaya.

Lugha haitakusumbua mwanzoni. Kinyambo chako na Kinyankole cha Mbarara ni ndugu, mtaelewana hadi mtaulizana koo. Ukivuka Masaka ndipo Kiganda kinatawala. Kiswahili wapo wanaokijua, ila wengi hawakizungumzi kila siku, kwa hiyo usikasirike ukijibiwa kwa Kiingereza. Mwite mwanamume "ssebo" na mwanamke "nnyabo", utaona sura zinafunguka.

Mwenye gari la kukodi amwambie dereva asiingie katikati ya mji. Pale Busega, unapoingia Kampala ukitokea Masaka, chukua barabara ya mchepuko wa kaskazini. Ni kilomita 21 na inatokeza Bweyogerere, hatua chache na uwanja. Ukiingia mjini siku ya mechi, foleni itakula kipindi cha kwanza.

Tiketi isiwe ya kubahatisha

Habari ya kwenda na kununua getini isahau. CHAN ya Agosti 2025 ilitupa somo. Baada ya vurugu za mashabiki Kasarani, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji kwenye mechi za Kenya hadi 27,000 na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Waliozoea kuja na fedha mkononi walibaki nje wakisikiliza kelele.

Nunua kwenye mtandao unaotangazwa na CAF au shirikisho la nchi husika, si kwa mtu aliyekutumia picha kwenye simu. Ihifadhi tiketi kwenye simu na uichape pia. Simu ikizima chaji getini, hakuna wa kukuhurumia.

Begi acha mlikofikia. Duniani kote ndiko mambo yanakoelekea. Marekani, kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi, tangu 2013 ligi ya NFL inaruhusu begi la plastiki linaloonyesha kilichomo ndani, tena la kipimo maalumu, na mgeni aliyetoka nchi nyingine na mkoba wake mzuri anarudishwa mlangoni kama mwenyeji. Namboole kwenye mashindano ya CAF utapekuliwa pia. Chupa, fataki na fimbo havipiti.

Fika mapema, ondoka taratibu

Januari 24, 2022, watu wanane walikufa getini Uwanja wa Olembe, Yaoundé, kwenye AFCON ya Cameroon. Walikuwa mashabiki waliokuja kuona timu yao, wakabanwa mlangoni. Hii siyo stori ya kutishana. Fika saa tatu kabla ya mechi, angalia tiketi yako inasema geti namba ngapi, na ukiona msukumano, rudi nyuma. Bao unaweza kuliona baadaye.

Mkiwa kundi, chagueni mahali pa kukutana nje ya uwanja kabla hamjaingia, maana mitandao ya simu huzidiwa watu wakitoka pamoja. Usipange kurudi Mabira usiku huohuo. Lala, ondoka asubuhi.

Weka siku ya akiba

Machi 8, 2025 mashabiki walishafika Dar kutoka mikoani kwa Yanga na Simba, wakaambiwa siku hiyohiyo mechi imeahirishwa. Ikaja kuchezwa Juni 25. Aliyekuwa na nauli ya siku moja tu alijua anachokisema.

Uganda wenyewe wanalijua hili. Machi 24, 2023 walitakiwa kutukaribisha kwao, lakini hawakuwa na uwanja uliokubalika, mechi ikapelekwa Ismailia, Misri. Simon Msuva akafunga, tukashinda 1-0, na mtu wa Mabira ambaye angeweza kuifuata kwa basi akaitazama kwenye televisheni. Desemba 27, 2025 tulikutana nao tena, sare ya 1-1, safari hii Rabat, Morocco. Mbali kulekule.

Ndiyo maana nafasi hii si ya kuichezea. Majirani wawili wanaotenganishwa na mto wamekuwa wakikutana jangwani na ufukweni mwa Atlantiki. Mashindano yakija hapa, anayekaa karibu na daraja asiwe wa mwisho kufika.

Na tukumbuke daraja ni la pande mbili. Waganda nao watavuka kwenda kwa Mkapa, Arusha na Zanzibar, na wengine watapita hapahapa Murongo wakiuliza hiace ya Karagwe. Waelekezeni vizuri, muwatajie nauli ya kweli, msiwauzie shilingi zilizokunjwa.

Kwa sasa, kazi ya wiki hii ni moja. Toa cheti cha kuzaliwa sandukuni, kilinganishe na NIDA, herufi kwa herufi. Kama majina hayafanani, anza safari ya ofisini kesho asubuhi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kwenda Namboole.