Nani Alikausha Ruaha Mkuu? Somo la Jiografia ya Uzamili

Kila msimu wa maandiko ya utafiti unapofika vyuoni, kuna mada moja inayorudi ikiwa imebadilisha nguo tu: "Athari za shughuli za kibinadamu kwa", kisha linafuata jina la mto, la msitu au la ardhioevu. Kurasa za mwanzo hazikosi Ripoti ya Brundtland ya mwaka 1987, iliyoyapa maendeleo endelevu maana inayokaririwa hadi leo. Zinazofuata hubeba yale Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015. Mkosaji naye keshajulikana: ni mkulima, mfugaji au mchoma mkaa. Kinachobaki ni kwenda kijijini kugawa hojaji ili wananchi wakiri.

Andiko la namna hiyo likifika mbele ya kamati ya idara, swali linaloumiza huwa fupi: mpaka wako umeuweka wapi, na kwa nini hapo? Wanafunzi wengi hulichukulia kama suala la utaratibu, la kumalizwa kwa ramani yenye kipimio na mshale wa kaskazini. Kumbe hapo ndipo jiografia inapoanzia. Shahada ya kwanza inakufundisha Ruaha Mkuu unapita wapi. Uzamili unakutaka ueleze kwa nini watu wawili wenye akili timamu wanautazama mto huohuo, mmoja akaona maji yameibwa na mwingine akaona maji yamefunguliwa ovyo.

Ruaha Mkuu nimeutaja kwa makusudi. Kwa anayetaka kujua elimu hii ya jiografia na uendelevu inafundisha nini hasa, sijui kisa cha Afrika Mashariki kinachofundisha vizuri kuliko hicho.

Vijito vinavyouzaa mto huo vinashuka kutoka milima ya Kipengere na Poroto. Mbarali, Kimani, Chimala na wenzao huingia tambarare ya Usangu, mkoani Mbeya, kwenye mashamba ya mpunga. Maji yanayovuka mashamba hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu, na kutoka Ihefu yana mlango mmoja tu: kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo upande mmoja. Maji yakishuka chini ya mdomo hayatoki, hata kama beseni bado lina maji mengi. Yakivuka hapo, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera, halafu Kidatu, na mwisho yanaungana na Rufiji kwenda Bahari ya Hindi.

Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, mto uliacha kutiririka ndani ya hifadhi. Viboko wakabanana kwenye madimbwi. Jambo hilo likaendelea kujirudia viangazi vilivyofuata. Miaka hiyohiyo Mtera lilipungukiwa maji na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Mambo mawili yametokea kwenye mto mmoja, katika miaka ileile: nani asingeyaunganisha? Maelezo yakatoka haraka, kwamba wafugaji wameijaza Ihefu ng'ombe, wakulima wa Usangu wamemaliza maji, ndiyo maana hifadhi imekauka na taa zimezimika. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na wataalamu wengine wa maji, walikaa Usangu miaka kadhaa wakipima. Walichofanya kinasikika chepesi ukikisimulia, lakini ndicho kinachomtofautisha mtafiti na mlalamikaji: waliyatenganisha maji ya masika na maji ya kiangazi.

Bwawa la Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Sehemu kubwa sana ya maji yote ya mwaka hupita katika miezi ya mvua. Yanayopita kiangazi ni kidogo mno ukiyapima dhidi ya ujazo wa bwawa. Kwa hiyo hata kama wakulima wa Usangu wangeyanywa maji yote ya kiangazi hadi tone la mwisho, Mtera lisingetikisika sana. Sababu ya mgawo wa umeme ilipaswa kutafutwa karibu zaidi, kwenye namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa kati ya Mtera na Kidatu. Hifadhi, kinyume chake, ilihitaji maji hayohayo machache ya kiangazi. Huko wakulima walihusika kweli, ila si kwa namna iliyokuwa ikisemwa.

Hebu tusogee hadi kwenye banio. Banio ni pale maji ya mto yanapogeuzwa kuingia mfereji. Mabanio ya kienyeji ya miti, mawe na udongo yalibomolewa na kila furiko kubwa, na mto ukapata nafasi ya kupita. Miradi ya uboreshaji ikaja na zege na mageti ya chuma, ikaitwa maendeleo. Banio la zege halibomoki. Lina uwezo wa kuchota karibu maji yote hata mto ukiwa mwembamba. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Juni, geti lingepaswa kufungwa. Lakini kwenye mfereji huohuo kuna kina mama wanaochota maji ya kunywa na kufua, kuna vijana wanaofyatua matofali, kuna bustani za mboga. Tena yupo mkulima anayetaka kuwahi kitalu, avune mapema, auze kabla soko halijafurika na bei haijashuka. Geti likabaki wazi. Maji mengi yakaishia kulowesha majaruba yasiyo na kitu na kupotea angani.

Mwanafunzi aliyejua tangu mwanzo kwamba mkosaji ni ng'ombe asingelitazama geti hilo. Ndiyo maana naionea wasiwasi hojaji yenye swali kama "Je, maji ya mto yamepungua? Ndiyo/Hapana". Kila mtu atajibu ndiyo, utachora duara lenye asilimia 94, na hutakuwa umejua lolote. Afadhali uulize: geti hili hufungwa mwezi gani? Funguo hukaa kwa nani? Mwaka jana nani alikuwa wa kwanza kupata maji ya kitalu, na shamba lake liko wapi kwenye mfereji? Maswali ya hivyo hayajibiwi kwa kuwekewa alama ya tiki. Yanajibiwa na mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji mkitembea naye mferejini asubuhi, baada ya shikamoo na salamu za nyumbani, na baada ya barua yako kusomwa na Katibu Tawala wa mkoa, wa wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Mlolongo huo unachosha. Atakayepanga ratiba bila kuuhesabia wiki zake atajuta.

Kisha kuna taswira za setilaiti, ambazo siku hizi ndizo zinazowavuta vijana wengi kwenye fani hii. Hazina ya Landsat inaanzia 1972 na tangu 2008 inapatikana bure, jambo lililobadilisha kabisa uwezo wa mwanafunzi asiye na fedha. Lakini kila chembe ya picha ya Landsat inayotumika zaidi ina upande wa mita 30, yaani mita za mraba 900. Humo linaweza kuingia jaruba zima, kipande cha mfereji na sehemu ya kichaka, na kompyuta ikaona rangi moja tu. Sentinel-2, iliyoanza kurushwa 2015, imeshuka hadi mita 10. Hata hivyo masika, wakati mpunga unapostawi, ndiyo miezi ya mawingu. Wengi huishia kutumia picha za kiangazi, na humo ukijani wa Agosti unaweza kuwa matete, vitunguu au magugu kwenye shamba lililoachiwa maji. Ramani nzuri yenye rangi sita haitakwambia ni kipi. Ukishindwa kufika shambani, andika kwamba hukufika.

Sasa turudi kwenye mpaka. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu. Ukichora mpaka wako kuizunguka Ihefu peke yake, utahesabu ng'ombe kabla na baada, uandike kwamba ardhioevu imeokolewa. Lakini mifugo haikuyeyuka. Mingi ilipelekwa kusini na mashariki, mikoa ya Lindi na Pwani, na baadhi ya wafugaji wakafika Rufiji, yaani sehemu ya chini ya bonde lilelile. Bonde la Rufiji lina eneo la kilometa za mraba 180,000 hivi, na kwa mpaka huo mpana kilichofanyika ni kuhamisha mzigo kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Wala simaanishi mpaka mpana daima ndio sahihi. Anayechunguza nani anashika funguo za geti akichukua bonde zima atatoka mikono mitupu. Ninachodai ni kwamba neno "endelevu" halina maana yoyote kwenye tasnifu mpaka useme endelevu kwa eneo lipi, kwa miezi ipi, na gharama imeangukia upande gani wa mpaka uliouchora wewe mwenyewe.

Kuhusu ajira, ambayo wazazi huuliza kwanza, sitakaa sana. Wahitimu wanaingia halmashauri, bodi za maji za mabonde (ya Rufiji ina makao yake Iringa), Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za tathmini ya athari kwa mazingira. Nafasi si nyingi kama vyeti. Anayejua kupanga data za mto, kusoma ramani na kuandika aya moja inayoeleweka na diwani ana nafasi kuliko mwenye programu nyingi kwenye kompyuta. Hilo la diwani si mzaha. Tasnifu zetu nyingi za vyuoni huandikwa kwa Kiingereza na kukaa rafuni, huku watu wa Mbarali waliojibu maswali hawaoni hata muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Ningekuwa na mamlaka, mtu asingetetea tasnifu kabla muhtasari huo haujabandikwa kwenye ofisi ya kijiji.

Na anayetafuta mada leo hana haja ya kurudi miaka ya 1990. Chini ya mto kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti. Wapo waliosema ni bwawa. Serikali ikasema ni mvua, na kwamba bwawa lilipunguza makali. Kabla ya kuchagua upande, mwanafunzi atafute kumbukumbu za kila siku: kina cha bwawa, maji yaliyoingia, maji yaliyofunguliwa, mvua iliyonyesha kwenye vijito vinavyoingia mtoni chini ya bwawa, na siku ambayo maji yalifika kila kijiji. Tarehe hizo za vijijini hazimo kwenye setilaiti. Akaziulize nyumba kwa nyumba, mapema, kabla mafuriko mengine hayajazifuta kwenye kumbukumbu za watu.