Unataka kupanda sukuma wiki? Jipange na udongo kabla ya kununua miche

MVUA ikipiga Nairobi siku mbili tu, kila mtu anageuka mkulima. Vitalu vya kando ya barabara vinajaa wateja, miche ya sukuma wiki inafungwa kwenye magazeti, na jioni hiyo hiyo mtu anachimba vishimo nyuma ya ploti, anachomeka miche, anamwagia maji na kupiga picha ya kuweka status. Wiki mbili baadaye hakuna picha tena. Nusu ya miche imelala chini, iliyobaki imegeuka manjano, na lawama zote zinamwendea aliyeuza.

Mara nyingi muuzaji hana hatia. Shida ni kalenda. Ulinunua miche kabla ya kuitayarishia mahali pa kukaa.

Hesabu ni rahisi. Mche wa sukuma hukaa kitaluni kati ya wiki nne na sita tangu mbegu imwagwe. Hizo ndizo wiki ambazo kipande chako cha ardhi kinahitaji ili magugu yafe, samadi iingiane na udongo na tuta litulie. Kwa hivyo siku unayomwaga mbegu ndiyo siku ya kushika jembe. Ukilenga mvua ya vuli, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, anza zote mbili mapema Septemba. Ukilenga masika ya Machi hadi Mei, anza katikati ya Februari.

Tuanze na mahali. Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo kulima jijini si uhalifu. Lakini sheria hiyo haikupi ua wa mwenye nyumba. Ongea naye kwanza, mwonyeshe ni wapi na utatoa maji wapi, usije ukang'olewa mboga siku ya kulipa rent. Pia epuka ardhi iliyo karibu na gereji, jaa la taka au mtaro wa majitaka, na usinyunyizie maji ya mtaro. Mboga za majani hufyonza na kubeba uchafu, na wewe ndiye utakayekula.

Sasa ujue udongo wako. Ukiwa upande wa Embakasi au Syokimau, huenda una ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Ukiwa upande wa Ruaka au Kiambu, yaelekea una ule mwekundu unaopitisha maji vizuri. Usikisie, pima. Chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Ukirudi kesho yake upate maji bado yako, hapo mizizi itaoza. Dawa yake ni kuinua tuta angalau sentimita 20 juu ya ardhi ili maji yapate pa kwenda.

Tuta la mita moja kwa tatu linakutosha kuanza. Upana usizidi mita moja, ndiyo ufikie katikati bila kukanyaga, kwa sababu udongo uliokanyagwa hushindiliwa na mizizi ikakosa hewa. Lima kwa kina cha jembe, toa mawe, vipande vya chupa na mizizi ya magugu. Liache wiki moja au mbili. Magugu mapya yatachipuka. Yapalilie yakiwa madogo. Ukiruka hatua hiyo, utakuwa unang'oa magugu na miche pamoja.

Halafu samadi. Ya ng'ombe, mbuzi au kuku, zote sawa, mradi iwe imeoza. Utaijua: haina joto ukiingiza mkono, hainuki vikali, na inavunjika kama udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi, hasa ya kuku, na huleta mbegu za magugu na viwavi. Kama uliyoipata ni mbichi, irundike, inyunyizie maji kidogo, ifunike na uigeuze kila wiki. Ukianza mapema una muda huo. Ukianza siku ya mvua, huna.

Wakati tuta linatulia, kitalu kinaendelea. Nunua mbegu kwa duka la agroveti linaloaminika, angalia tarehe na stika ya KEPHIS kwenye pakiti. Gramu 10 zina mbegu zaidi ya elfu mbili, ilhali tuta lako linahitaji miche kama 12 tu. Changeni na majirani.

Trei au kreti ya zamani iliyotobolewa chini yatosha. Chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, mwaga mbegu chache chache, funika kwa sentimita moja ya udongo laini, weka nyasi kavu juu. Zitaota baada ya siku tano hadi kumi. Zikiota tu, ondoa nyasi na uweke kivuli chepesi kwa juu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma: wanamwagilia asubuhi, mchana na usiku. Miche iliyobanana kwenye udongo wa matope hushikwa na ukungu, shina linaoza pale chini na inaanguka kama imekatwa. Punguza iliyosongamana, mwagilia asubuhi, na uguse udongo kabla ya kuongeza maji.

Wiki ya mwisho, ifundishe maisha. Ondoa kivuli polepole na upunguze maji, lakini isinyauke kabisa. Mche uliolelewa kivulini na kutupwa juani ghafla hukauka siku hiyo hiyo. Ulio tayari una majani manne hadi sita na shina nene kama penseli. Hata ukinunua, chagua hivyo. Mrefu mwembamba mwachie muuzaji.

Siku ya kuhamisha, subiri jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza, kisha ng'oa mche na udongo wake. Mashimo yaachane sentimita 45 hadi 60, kila moja likiwa na viganja viwili vya samadi iliyochanganywa na udongo. Usipande palipotoka kabeji au sukuma nyingine, kwa kuwa magonjwa yake ni yale yale. Zungushia kila mche kikopo kilichotolewa kitako, kisukumwe kidogo ardhini, kuzuia viwavi wanaokata mashina usiku. Tandaza nyasi kavu kuhifadhi maji, zisiguse shina.

Kama huna ardhi, kuna gunia. Huko Kibera, bustani za magunia zilienea sana baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, na bado zinalisha watu. Changanya udongo na samadi, simamisha nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yafike chini, kisha panda juu na kwenye matundu ya ubavuni. Kanuni ni ile ile: jaza gunia siku unayomwaga mbegu, udongo ushuke na kutulia kabla miche haijafika.

Utaanza kuchuma mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuhamisha. Chuma majani ya chini, acha ya katikati, na mmea utakulisha miezi kadhaa. Miche itakayobaki kwenye trei usiitupe. Mvua ikianza, kuna mtu mtaani atakayeitafuta kwa haraka. Kabla hujamuuzia, muulize kama tuta lake liko tayari.