Pumzi tano kwenye sinki la wodi

Mwambie nesi wa zamu ya usiku akae robo saa, afumbe macho na kupumua taratibu, atakucheka. Dripu ya kitanda namba 5 inakaribia kuisha, ndugu wa kitanda namba 9 anauliza, “Sista, daktari anakuja lini?”, na ripoti ya kukabidhi zamu haijaguswa.

Ipo dakika moja, hata hivyo, ambayo hakuna wa kumnyang’anya: ya kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Muda huo unatosha pumzi tano za polepole, hewa ikitoka kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia, maana tunapotoa pumzi ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Mabega yashushwe. Macho yabaki kwenye povu, kucha na katikati ya vidole. Akili ikikimbilia kitanda namba 5, irudishwe bila kujigombeza. Hicho ndicho kiini cha mafunzo ya kupunguza msongo aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, ingawa yake huchukua wiki nane.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Jonathan Bartels, muuguzi wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, aliona wenzake wanapambana kumrudisha mgonjwa, anakata roho, kila mmoja anavua glavu na kuondoka. Akaanza kuwaomba wasimame kidogo, kimya, wamheshimu marehemu na kazi waliyoifanya. Anayetaka kuomba dua huomba moyoni. Haigharimu senti. Wodini kwetu, ambako pazia huvutwa na nesi akaenda kitanda kinachofuata, naamini kimya hicho kingefaa kuliko semina ya hotelini yenye posho.

Ila pumzi haiongezi wauguzi. Mwaka 2019 WHO ilieleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa unatokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, wala haikuuhesabu kuwa ugonjwa. Nesi mmoja akiachiwa wodi nzima, kumfundisha kupumua ni kumkwepa. Kwa hiyo, matroni, ratiba ya mwezi ujao ikiletwa mezani, tazameni kwanza ni nani amepangiwa usiku mfululizo, na nani atampokea asubuhi kwa wakati. Na mabomba ya wodini yatoe maji.