Ua la Miiba Mbele ya Nyumba: Mulikate Lipate Kupona



Muangalie mbele ya nyumba, ao kando ya mulango wa lupango. Pengine mutaona pale muti mudogo wenye miiba mingi na maua mekundu. Kwa Kifaransa tunauita "couronne du Christ", ni kusema taji la Kristo. Jina hilo ni kwa sababu ya miiba tu. Musifikiri kama ulitoka Yerusalema: kwao ni kisiwa cha Madagascar. Mu mwaka wa 1821 Baron Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Réunion, aliupeleka Ufaransa, na wenye elimu ya miti wakauita Euphorbia milii kwa jina lake.

Muti huu unaweka maji ndani ya shina. Kwa hiyo unavumilia kiangazi chetu wakati maua mengine yanakauka. Lakini watu wengi wanalalamika: "Muti wetu umekuwa murefu kama fimbo. Chini uko uchi, juu kuna majani matatu tu, na miiba inashika watoto mu nguo." Basi wanafanya nini? Wanaumwangia maji kila siku. Na maji yale ndiyo yanauua.

Kwa sababu gani unabaki uchi?

Mujue jambo hili moja: mu muti huu majani yanaota ku sehemu changa za tawi. Jani likianguka ku shina la zamani, lingine halirudi pale. Hata mungoje miaka mitatu, hata mumwange bido nzima, shina lile litabaki vilevile. Maji mengi yanaozesha mizizi tu.

Dawa yake ni kukata. Mukikata ncha ya tawi, macho ya muti yaliyolala chini ya kidonda yanaamuka, na mara nyingi matawi mawili ao matatu yanatoka pahali pa moja. Majani mapya yanakuja nayo. Maua pia, kwa maana yanatoka karibu na ncha. Basi ncha zikiwa nyingi, na maua yatakuwa mengi.

Wakati gani?

Musikate mu baridi ya mwezi wa sita na wa saba, muti unapopumuzika. Muzuri ni mwezi wa nane kwenda wa tisa, joto linaporudi, mbele ya mvua. Kidonda kitakauka vizuri.

Mujilinde na maziwa yake

Mukikata, maziwa meupe yatatoka. Si ya kuchezea hata kidogo! Yanachoma ngozi, na yakiingia mu jicho yanaweza kuliumiza sana. Watoto wakae mbali. Muvae sashe nzito ku mikono, na musijipanguse uso. Kama yameingia mu jicho, muoshe palepale kwa maji safi mengi, robo saa nzima, kisha muende ku kituo cha afya bila kukawia. Musitie dawa ya nyumbani mu jicho.

Namna ya kufanya

1. Muoshe kisu kwa sabuni. Kiwe kikali, kisiponde tawi.

2. Mupunguze kila tawi refu, karibu sehemu moja ya tatu. Mutoe kabisa matawi yaliyokauka, yaliyooza, na yale yanayoingia mu njia.

3. Munyunyize maji ku kidonda, maziwa yataacha kutoka.

4. Vipande vya urefu wa kidole, muviache mu kivuli karibu juma moja mpaka kidonda kikauke. Kisha muvipande mu kopo lililotobolewa chini, mu bulongo uliochanganywa na muchanga mwingi. Maji kidogo tu.

5. Mabaki yote muyafukie mu shimo. Mutoto anayetembea miguu wazi asiyakanyage.

Lakini musifanye hivi kwa aloe vera. Ile inakulia mu moyo wake. Mukikata kichwa, mumeharibu muti. Mutoe tu majani makavu ya chini, na watoto wanaoota kandokando muwapande peke yao.

Tena, kukata peke yake hakutoshi. Muti unaokaa mu kivuli utatafuta jua na kurefuka tena. Muuweke pahali jua linapofika saa nyingi. Na mbele ya kumwanga maji, mutie kidole mu bulongo: kama kuna unyevu, muache kwanza.

Siku za kwanza muti utaonekana kama umekufa. Musiogope, wala musirudishe maji mengi. Mungoje majuma machache, mutaona vichipukizi. Na ninyi vijana, tawi moja refu linatoa makopo manne ao matano: mupelekee jirani, lakini mumwambie na habari ya maziwa yale.