Shule Yenye Afya: Azimia Kabla ya Kununua Mabati

Kila skimu iliyokwisha kukaliwa ina shule, na kila shule ina halmashauri ambayo siku moja itaketi kuamua habari za darasa jipya. Huenda wewe mwenyewe ni mmoja wa wajumbe wake. Mara nyingi mkutano huo huuliza mambo mawili tu: fedha zilizochangwa ni kiasi gani, na fundi atamaliza lini. Hayo ni maswali ya haki. Lakini liko la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni hili: watoto watakaa katika jengo la namna gani kwa miaka 40 ijayo? Ng'ombe akipata kupe unaweza kumwogesha dawa kesho. Darasa lililojengwa bila madirisha ya kutosha litabaki hivyo mpaka wajukuu wako waingie humo.

Huko Marekani jambo hili limewashughulisha wakuu wa shule kwa miaka mingi. Yafaa kwanza ujue kwamba shule za huko haziendeshwi kutoka mji mkuu. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule, na nyingi zina halmashauri iliyochaguliwa kwa kura, ambayo hupata sehemu ya fedha zake kutokana na kodi ya mashamba na nyumba. Kwa hiyo mkulima wa huko akilipa kodi yake anajua kwamba sehemu yake itakuwa matofali ya shule ya mtoto wake, naye huuliza maswali makali.

Tuangalie mji mmoja wa wakulima, uitwao Greensburg, katika jimbo la Kansas. Ni nchi tambarare ya ngano na ng'ombe. Usiku wa tarehe 4 Mei 2007 ulipitiwa na kimbunga chenye upana wa karibu kilometa 2.7, kikubwa kuliko mji wenyewe. Watu 11 walikufa, na karibu sehemu 95 katika kila 100 za majengo ziliharibika, shule ikiwamo. Watoto wakasoma katika vyumba vya muda, vile vinavyokokotwa kwa magari.

Wangeweza kujenga upesi kama zamani. Badala yake, Desemba 2007, baraza la mji lilipitisha azimio kwamba kila jengo kubwa la mji litajengwa kwa kipimo cha juu kabisa cha utaratibu uitwao LEED. Utaratibu huo hukagua jengo kwa alama: linatumia umeme kiasi gani, maji yanapotea au yanahifadhiwa, hewa ya ndani ni safi au sivyo, vifaa vimetoka wapi. Vyeo vyake ni vinne, cha chini kikiwa cheti tu, kisha fedha, dhahabu, na platinamu. Halmashauri ya shule haikufungwa na azimio la baraza, kwa kuwa ni chombo kingine, lakini nayo ilichagua njia ile ile. Shule mpya ilifunguliwa mwaka 2010. Ina kinu cha upepo cha kutoa umeme, hukusanya maji ya mvua, na baadhi ya mbao zake ni za miti iliyoharibiwa na tufani ya Katrina ya mwaka 2005.

Ni kweli kwamba watu wa Greensburg walikuwa na fedha za bima na msaada wa serikali yao, na wewe huna. Tena si wote waliorudi. Mji uliokuwa na watu 1,574 mwaka 2000 ulihesabiwa watu 777 mwaka 2010. Basi usichukue habari hii kama hadithi ya miujiza. La kujifunza ni mpango wa kazi: waliazimia kwanza, wakaandika, ndipo wakaita mafundi. Azimio likiisha kuandikwa, mtu hawezi kuja katikati ya kazi akasema, "Tupunguze madirisha mawili tuokoe fedha." Jimbo la Ohio lilifanya vivyo hivyo mwaka 2007, lilipoamua kwamba shule mpya zinazojengwa kwa fedha za jimbo zifikie walau cheo cha fedha.

Je, mwanga na hewa vinamsaidia mtoto kujifunza? Mwaka 1999 wataalamu wa California walipima wanafunzi wa wilaya ya Capistrano. Wale wa madarasa yenye mwanga mwingi wa jua waliendelea kwa kasi zaidi katika mwaka mmoja, kwa asilimia 20 katika hesabu na 26 katika kusoma, kuliko wale wa madarasa yenye mwanga hafifu. Lakini walipopima tena katika wilaya ya Fresno, mwaka 2003, faida hiyo ya mwanga haikuonekana waziwazi. Walichoona huko ni kwamba mng'ao wa jua unaoingia machoni na kelele vinamrudisha mtoto nyuma. Kwa hiyo usiseme, "Nitaweka dirisha kubwa, basi." Uliza dirisha linatazama wapi.

Hapa kwetu jua linapita karibu na utosi, likichomoza mashariki na kutua magharibi. Kwa hiyo pande ndefu za darasa, zenye madirisha, zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi zielekee mashariki na magharibi. Paa litokeze nje ya ukuta ili livunje jua la mchana na mvua. Weka madirisha pande zote mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Hewa ya nje ina sehemu kama 420 za kaboni dayoksaidi katika kila milioni. Katika chumba kilichofungwa chenye watoto wengi kiasi hicho huweza kupita 2,000, na hapo ndipo unapoona watoto wanasinzia saa tano asubuhi, na mwalimu akidhani ni wavivu. Kifua kikuu nacho hupenda chumba cha namna hiyo. Katika skimu za nchi ya baridi wazazi huomba madirisha yafungwe. Afadhali watoto wavae sweta.

Kitabu cha Wizara ya Elimu cha mwaka 2008 kuhusu usalama wa shule kinataka darasa la meta 7.5 kwa 6 lisizidi watoto 40 wa madawati ya watu wawili wawili, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia watu kutoka. Hayo si mambo ya kujadiliwa na fundi. Vyoo navyo vihesabiwe: tundu 1 kwa wasichana 25, na 1 kwa wavulana 30, mbali na kisima.

Sasa maji. Millimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika meta 60 za mraba, mahali penye mvua ya millimeta 800 kwa mwaka, hupata lita 48,000. Hata moja katika kila tano ikipotea, unabaki na zaidi ya 38,000. Tangi la lita 10,000 likijaa litawapa watoto 40 lita 2 kila mmoja kwa siku 125 za masomo. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Ukinunua mabati bila mifereji umenunua nusu ya paa.

Ikiwa shule yenu ina paa la zamani la asbestosi, msilivunje wenyewe hata siku moja. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Tangu mwaka 2006 kanuni za Kenya zinayahesabu mabaki yake kuwa takataka za hatari, na wenye kibali cha NEMA ndio wanaoruhusiwa kuyaondoa. Rangi nayo ununue ile isiyo na risasi, na uiulizie dukani kabla ya kulipa. Kwa kuta, fikirini matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri.

Kabla ya kuita fundi, halmashauri iandike maazimio haya katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, wajumbe watie sahihi, na nakala moja apewe fundi pamoja na ramani. Kisha mwiteni afisa wa afya ya jamii na afisa wa ujenzi wa kaunti waione ramani na kiwanja kabla msingi haujachimbwa. Wakija baada ya kuta kusimama, watakachoweza kufanya ni kidogo.