Kazi ya Kupanga Kurasa za Chapa Dagoretti Corner

Penye makutano ya Barabara ya Ngong na Barabara ya Naivasha, mahali paitwapo Dagoretti Corner, si vigumu kumpata mtu wa kupiga chapa kadi ya arusi au tangazo la harambee. Aliye adimu ni yule ajuaye kuipanga kazi hiyo hata ikasomeka. Wako wanaojifunza katika Technical University of Kenya, chuo kilichoanzishwa mwaka 1961 kwa jina la Kenya Polytechnic. Lakini wengi hujifunza kwa kuketi kando ya mwenzao mwenye kompyuta na kumtazama.

Mtihani mkali wa mwanafunzi huyo ni kitabu kidogo cha mazishi. Kazi nyingine yaweza kurudiwa juma lijalo, bali mazishi hayangoji.

Jambo la kwanza ni kukunja karatasi. Karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo kitabu cha kupigwa pini katikati sharti kiwe na kurasa 4, 8, 12 au 16. Jamaa wakileta habari za kurasa tisa, yawapasa kupunguza moja au kulipia kumi na mbili. Tena, katika kitabu cha kurasa nane, ukurasa wa 1 hukaa ubavuni mwa ule wa 8, na nyuma yake hukaa wa 2 na wa 7. Mwanafunzi mwenye busara hukunja karatasi mbili kuukuu, huandika hesabu kwa kalamu ya risasi, kisha huzikunjua na kutazama, kabla hajaigusa mashine.

Picha ya marehemu ndiyo iletayo machozi mara ya pili. Chapa nzuri hutaka vitone 300 katika kila inchi. Picha iliyopokewa kwa WhatsApp huwa imepunguzwa njiani. Ikiwa na upana wa vitone 600, itatosha inchi mbili tu, na jalada la A5 lahitaji karibu vitone 1,750. Ikivutwa kwa nguvu, uso wa mzee hugeuka miraba miraba. Afadhali kuomba ile picha ya asili iliyo ukutani nyumbani.

Kuhusu rangi, kioo cha kompyuta huchanganya nuru nyekundu, kijani na buluu, hali mashine huchanganya wino wa samawati, waridi iliyokoza, manjano na mweusi. Kijani king'aacho kiooni hufifia karatasini.

Zamani herufi zilikuwa za risasi, zikapangwa moja moja kwa mkono, wala mpangaji hakuweza kuzibana apendavyo. Siku hizi kila kijana ana aina mia za herufi, naye hutaka kuzitumia zote katika ukurasa mmoja! Aina mbili zatosha, na pambizo iachwe pana, isije kisu cha kukatia kikala jina la mtu.

Mwishoni hutolewa nakala moja ya majaribio. Jamaa mmoja huisoma kwa sauti, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wajukuu na saa ya ibada, kisha huitia sahihi. Ndipo mashine huwashwa.